Kuchanganya si Kuchakachua: Somo Kutoka Shamba Moja la Mizabibu Ufaransa

Toleo hili naomba tutoke kidogo kwenye mambo ya viza, ada na baridi, twende kusini mwa Ufaransa tukasome habari za chupa moja ya mvinyo mwekundu. Wale ambao hawanywi, kwa dini au kwa hiari yao, tafadhali wasiruke kurasa hizi. Sikualiki kunywa. Nataka tuzungumzie shamba, familia na jina, na hayo yanatuhusu sote.

Nianze na aibu yangu. Mwaka wa kwanza hapa Uingereza mwalimu anayenisimamia alitualika wanafunzi wake nyumbani kwa chakula cha jioni. Akaleta chupa, akaeleza kwa furaha kwamba ndani yake mna aina 13 za zabibu zilizochanganywa. Mimi nikadakia, "Kumbe imechanganywa? Basi siyo halisi." Kwetu kitu kilichochanganywa si ndiyo kilichochakachuliwa? Maziwa yakitiwa maji, petroli ikitiwa mafuta ya taa, tunajua biashara hiyo. Meza ikanyamaza. Mama mwenye nyumba akaniokoa: "Na pilau ya kwenu ina viungo vingapi?" Nikacheka, lakini usiku ule sikulala vizuri. Wiki iliyofuata nikaingia maktaba. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. MAHALI

Chupa ile ilikuwa ya Château de Beaucastel. Shamba liko Courthézon, karibu na mji wa Orange, katika eneo la mvinyo liitwalo Châteauneuf-du-Pape, bonde la mto Rhône. Neno château maana yake ni kasri au ngome, lakini kwenye lebo ya mvinyo mara nyingi humaanisha shamba tu. Usidhani kila château ina mfalme.

Jina Châteauneuf-du-Pape maana yake ni "Ngome Mpya ya Papa". Historia yake ni hii: mwaka 1309 Papa Clement V alihamia Avignon badala ya Roma, na mapapa wakakaa huko karibu miaka 70. Aliyemfuata, John XXII, ndiye aliyejenga ngome kijijini hapo, na kilimo cha mizabibu kikapata nguvu kwa sababu meza ya Papa ilikuwa jirani. Lakini kijiji kilichukua rasmi jina hili mwaka 1893 tu. Kumbe hata Wazungu jina la kuuzia hulitafuta!

Ardhi yenyewe ukiiona utasema haiwezi kuota kitu. Sehemu kubwa imefunikwa kwa mawe ya mviringo, mengine makubwa kama papai, yaliyoletwa na maji ya kale kutoka milima ya Alps. Mchana mawe hushika joto la jua, usiku huliachia taratibu. Pia huzuia unyevu wa chini usikauke haraka. Kisha kuna upepo wa kaskazini uitwao mistral. Unavuma kwa nguvu na kuudhi watu, lakini hukausha majani na vichala baada ya mvua, kwa hiyo ukungu na uozo hupungua. Mkulima anaulaani huku anaushukuru.

2. FAMILIA

Mwaka 1863, kule Pujaut, ng'ambo ya mto kutoka Châteauneuf, mizabibu ilianza kufa bila sababu inayoonekana. Baadaye ikagundulika ni mdudu mdogo sana, filoksera, aliyeingia na miche kutoka Marekani. Anakula mizizi. Katika miaka iliyofuata aliangamiza sehemu kubwa ya mizabibu ya Ufaransa. Dawa iliyofaa ilitoka huko huko alikotoka mdudu: kubebesha mzabibu wa Ulaya juu ya shina la mzabibu wa Kimarekani, ambalo mizizi yake humvumilia. Mpaka leo mizabibu mingi ya Ulaya husimama juu ya miguu ya Kimarekani.

Beaucastel nayo iliumia. Mwaka 1909 Pierre Tramier alilinunua shamba hilo na kuanza kulifufua. Baada yake likaenda kwa mkwe wake, Pierre Perrin. Angalia vizuri hapo: jina la Perrin, ambalo leo linajulikana dunia nzima kwenye mambo ya mvinyo, liliingia shambani kupitia ndoa ya binti. Nitarudi kwenye jambo hili. Mwana wa Pierre, Jacques Perrin, aliliongoza hadi alipofariki mwaka 1978, wakafuata wanawe Jean-Pierre na François, na sasa watoto wa hao wawili wamo kazini. Ni kizazi cha tano.

Jacques alikuwa mbishi. Mwaka 1950, wakati wenzake wakikimbilia dawa na mbolea za viwandani, yeye aliziacha. Mwaka 1974 akaingia zaidi kwenye kilimo hai. Pia alishikilia aina za zabibu ambazo wengine waliziona hazina faida. Mwaka 1989 wanawe walitoa mvinyo maalumu wa kumkumbuka, Hommage à Jacques Perrin, ambao hutengenezwa miaka mizuri tu.

3. KWA NINI WANACHANGANYA?

Hapa ndipo penye somo lenyewe. Kanuni za Châteauneuf-du-Pape kwa desturi huruhusu aina 13 za zabibu. Haziwalazimishi wakulima kuzitumia zote, wala hazisemi kila moja iwe kiasi gani. Jirani yao maarufu, Château Rayas, anatengeneza mvinyo wake mwekundu kwa aina moja tu, Grenache, na ni ghali kupindukia. Kwa hiyo kuchanganya ni uamuzi wa mwenye shamba. Beaucastel wamepanda zote 13. Kwa miaka mingi mchanganyiko wao umekuwa takriban hivi: Mourvèdre asilimia 30, Grenache 30, Syrah 10, Counoise 10, na zilizobaki zinagawana asilimia 20. Miongoni mwa hizo zilizobaki zimo hata zabibu nyeupe.

Kila moja ina kazi yake:

Grenache hupenda jua na huweka sukari nyingi, kwa hiyo huleta kilevi, unene mdomoni na harufu ya matunda yaliyoiva. Udhaifu wake ni rangi hafifu, na huharibika upesi ikikutana na hewa. Tena baridi au mvua ikiipata wakati wa maua, maua hupukutika na mavuno hushuka.

Mourvèdre huiva kwa kuchelewa na hutaka joto jingi. Wenyewe husema inataka uso juani na miguu majini. Huleta ukakasi, ule unaokausha ulimi kama umekula bibo au ndizi mbichi. Ukakasi unatokana na tanini zilizo kwenye maganda na mbegu. Mourvèdre hustahimili hewa, kwa hiyo humlinda mwenzake Grenache, na mvinyo huweza kukaa miaka mingi.

Syrah huleta rangi nzito na harufu ya pilipili manga.

Counoise haina nguvu nyingi, lakini huleta uchangamfu, ule uchachu mdogo unaokufanya utamani funda la pili.

Cinsault hulainisha. Nyingine, kama Vaccarèse, Muscardin na Terret noir, ni kama iliki na karafuu katika pilau. Ukizila peke yake hazina maana, lakini ukiziacha utajua kuna kitu kimepungua.

Hiyo ni sababu ya ladha. Sababu ya pili ni bima, na mimi mtoto wa mkulima hii ndiyo iliyonigusa. Tuchukue miaka 2 iliyofuatana. Tarehe 8 na 9 Septemba 2002, mavuno yakiwa mlangoni, mvua ya ajabu ilipiga kusini mwa Ufaransa. Mafuriko yaliua watu zaidi ya 20, hasa mkoa jirani wa Gard, na zabibu nyingi zikaoza. Mwaka 2003 likaja joto kali la Agosti ambalo Ulaya nzima inalikumbuka. Mwaka mmoja maji, mwaka uliofuata moto. Mwenye aina moja tu ya zabibu, siku yake mbaya ikimkuta, imemkuta yote. Mwenye aina nyingi, ambazo huchanua na kuiva kwa nyakati tofauti, huwa na ya kushika. Grenache ikipukutisha maua, Syrah inaweza kuwa imepona. Joto likipandisha sukari ya moja kupita kiasi, nyingine yenye uchachu inasawazisha.

Bibi zetu walijua hili. Shamba lenye mahindi, maharage na mihogo pamoja halikupandwa hivyo kwa kukosa elimu. Mvua ikigoma mahindi yanakufa, mihogo inabaki ardhini inakusubiri.

4. KUTOKA KICHALA HADI CHUPA

Mashine haziruhusiwi kuvuna Châteauneuf-du-Pape. Kila kichala hukatwa kwa mkono, na wavunaji huchambua, vilivyooza vinatupwa. Pia kuna kikomo cha mavuno: kwa kawaida hektolita 35 kwa hekta, yaani lita 3,500, kama chupa 4,600 hivi. Kuna mikoa ambako hekta moja hutoa mara 2 ya hapo. Mantiki yake ni kwamba mzabibu uliozaa kidogo hugawa nguvu zake kwa vichala vichache.

Kiwandani, zabibu hutolewa vikonyo na kuachwa zichachuke pamoja na maganda yake, kwa sababu rangi nyekundu iko kwenye ganda. Maji ya zabibu nyingi nyekundu ni meupe. Hamira hula sukari na kutoa kilevi na hewa ya kaboni. Wanasayansi mtapenda hesabu hii: gramu 17 hivi za sukari katika lita moja huzaa asilimia 1 ya kilevi. Kwa hiyo mvinyo wa asilimia 14 umetokana na maji ya zabibu yenye sukari kama gramu 238 kwa lita. Na hapo hawajaongeza hata kijiko, maana kanuni za eneo hilo zinakataza kuongeza sukari.

Sasa sikiliza hapa. Beaucastel huchachusha kila aina ya zabibu mbali na nyingine. Grenache kwenye tangi lake, Mourvèdre na Syrah kwenye mapipa ya mbao, na kadhalika. Zikishatulia ndipo familia inakaa mezani na vikombe, inaonja, inabishana, na kuamua mwaka huu kila moja iingie kiasi gani. Kisha mchanganyiko hukaa miezi mingi kwenye mapipa makubwa ya mwaloni kabla ya kutiwa kwenye chupa.

Umeona tofauti? Anayechakachua huchanganya gizani ili kuficha kibaya. Hawa huchanganya mezani baada ya kila kitu kuonjwa peke yake, na kila kilichomo kinajulikana kilipandwa wapi. Kilichonifanya nione haya kule kwa mwalimu wangu ni kwamba nilikuwa sijui tofauti hiyo.

5. JINA NI MALI

Lakini uchakachuaji hata wao waliupata. Baada ya filoksera mvinyo uliadimika, na matapeli wakaibuka. Mvinyo wa popote uliuzwa kwa jina la Châteauneuf-du-Pape. Na kwa upande mwingine, mvinyo halisi wa hapo ulisafirishwa kwa mapipa kwenda Burgundy kuongezea nguvu mvinyo wa huko, na jina la mkulima likapotelea njiani.

Mwaka 1923 wakulima walimfuata Baron Pierre Le Roy wa Château Fortia, mwanasheria aliyekuwa rubani katika Vita Vikuu vya Kwanza, wakamwomba awaongoze. Akakubali, na wakajiwekea kanuni wenyewe: mipaka ya ardhi, aina za zabibu, jinsi ya kukata matawi, kilevi kisichopungua asilimia 12.5, na kuchambua vichala vibaya. Kipimo kimoja cha ardhi kinafurahisha: shamba likubaliwe kama hapo mimea ya lavenda na thaimu inaweza kuota, kwa maana hiyo ni ardhi maskini na kavu, inayofaa mzabibu. Sheria ya nchi ikafuata mwaka 1935, na mwaka 1936 Châteauneuf-du-Pape ikawa miongoni mwa maeneo ya kwanza kupewa hadhi ya Appellation d'Origine Contrôlée, kwa kifupi AOC.

Thamani ya mpaka huo utaiona Beaucastel kwenyewe. Upande mmoja wa barabara kuu ya A7, zabibu zao zinaruhusiwa kuitwa Châteauneuf-du-Pape. Upande wa pili wana shamba jingine, Coudoulet, familia ile ile, mikono ile ile, lakini jina linaloruhusiwa ni Côtes du Rhône, na bei yake iko chini sana.

Sasa turudi nyumbani. Kahawa ya arabika ya Tanzania, hata iliyotoka Mbeya, huko Japani huuzwa kwa jina la Kilimanjaro. Aliyelima Mbeya hatajwi, na aliyelima Kilimanjaro hana mpaka wa kulinda jina la mlima wake. Wahabeshi walichoka na mambo haya. Mwaka 2005 serikali ya Ethiopia iliomba kusajili Marekani majina ya kahawa zake, Sidamo, Harar na Yirgacheffe, kama alama za biashara. Ikaleta mvutano mkubwa na Starbucks, na mwaka 2007 wakafikia makubaliano. Njia yao ni tofauti na ya Wafaransa, lakini walielewa somo lile lile: usipolishika jina lako mwenyewe, mwenzio atalishika.

Na mizabibu tunayo. Dodoma, ardhi kame ambayo wengi waliidharau, inatoa zabibu mara 2 kwa mwaka, jambo ambalo Mfaransa hawezi kuliota. Swali ni kama siku moja neno Dodoma kwenye lebo litakuwa na mpaka, kanuni na mwenyewe.

6. URITHI

Nimefika pale nilipotaka kufika. Tangu sheria za Napoleon za mwaka 1804, Ufaransa huwezi kumnyima mtoto urithi. Kila mtoto, wa kike kwa wa kiume, ana fungu lake. Ni haki, lakini ardhi haikui. Kule Burgundy kuna shamba maarufu, Clos de Vougeot, lina hekta 50 tu na wenyewe kama 80. Wengine wana mistari michache ya mizabibu basi.

Familia nyingi zilizobaki na mashamba mazima zilipata dawa: hawagawi ardhi, wanagawana hisa. Tangu mwaka 1970 sheria yao imeruhusu chombo maalumu kwa ajili hiyo, kampuni ya familia inayomiliki ardhi. Ndugu anayelima analima, ndugu aliye Paris anabaki na hisa zake, na asiyetaka tena anawauzia wenzake kwanza. Shamba halikatwi.

Kwetu Moshi babu alipofariki, kihamba cha kahawa na migomba kiligawanywa kwa wanawe 5. Shangazi hawakupewa kitu, ndiyo mila. Leo kila baba mdogo ana kipande ambacho kahawa yake haijazi hata magunia machache. Mmoja aling'oa mibuni yote, mwingine kapangisha vibanda. Mwaka huu baba ameanza kuuliza sisi watoto 4, wavulana wawili na dada zetu wawili, tutafanya nini na kipande chake. Kipande kigawanywe mara 4? Au mara 2 na dada zetu watoke mikono mitupu?

Nimemwandikia barua. Nimemweleza habari za shamba la mawe lililofufuliwa na mtu aliyemwachia mkwe wake, na kama wangefuata mila yetu leo jina hilo lisingekuwepo. Nimependekeza tusigawe. Tuwe na hisa 4 sawa, dada mkubwa aliyesomea kilimo asimamie, na aina za mazao zisipungue. Bado hajajibu. Kaka yangu kajibu, na hakufurahi. Tutaongea Krismasi, wazee mniombee.

7. UKISHIKA CHUPA, SOMA LEBO

Kwa faida ya anayealikwa mezani asije akaaibika kama mimi:

Mwaka ulioandikwa ni mwaka wa mavuno, si wa kutiwa kwenye chupa.

Jina la eneo likifuatwa na maneno Appellation Contrôlée au Appellation Protégée maana yake kanuni za mahali hapo zimefuatwa.

Mis en bouteille au château, au au domaine, maana yake mvinyo umetiwa kwenye chupa shambani penyewe.

Vin de France maana yake zabibu zinaweza kutoka popote Ufaransa. Si lazima uwe mbaya, ila hauna mahali maalumu pa kuulizia.

Usipoona jina la zabibu usishangae. Wafaransa wengi huandika mahali tu.

Na mfuko wa mwanafunzi ukikataa Beaucastel, ambayo kwa kweli itakataa, familia hiyo hiyo ndiyo inayotengeneza La Vieille Ferme, yenye picha ya kuku, iliyoanza mwaka 1970 na inayopatikana madukani kwa bei ya kawaida. Nao ni mchanganyiko.

MASWALI YA KUJADILI KWENYE KIKAO CHETU

1. Ni zao gani la kwenu ambalo jina lake lina thamani kuliko mkulima anavyolipwa? Nani angepaswa kuweka mpaka na kanuni?

2. Ni nani kwenye ukoo wako anayepanda aina nyingi pamoja, na aliwahi kueleza kwa nini?

3. Shamba la familia likiwa hisa badala ya vipande, ugomvi utapungua au utahamia kwenye karatasi? Mwenye mfano wa kweli auletee kikao. Mimi nauhitaji kabla ya Krismasi.